Hedifoni za omu 250 kwenye laptopu: ninunue amplifaya?

Sikio la Tatu:
Wakuu, habari za jioni. Nimepata hedifoni za studio, ukinzani wake wa umeme ni omu 250, boksi linasema desibeli 96 kwa miliwati moja. Nikizichomeka kwenye tundu la laptopu napandisha sauti mpaka 90 kati ya 100 ndipo natosheka. Zile ndogo za simu, 40 tu nilikuwa nashika masikio. Kila ninayemuuliza ananiambia bila amplifaya sijasikia kitu. Ni kweli laptopu haiziwezi, au naingizwa gharama? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Besi:
Nunua amplifaya mkuu. Omu 250 si mchezo, laptopu itakuchosha tu.

Fundi Koili:
Mzee wa Besi, tusitishane na omu, tupige hesabu. Tundu la laptopu nyingi hutoa volti 1 hivi. Volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4. Nguvu ikiongezeka maradufu unapata desibeli 3 zaidi, hapa imeongezeka maradufu mara mbili, kwa hiyo 96 inakuwa 102. Ukikaa na sauti hiyo muda mrefu unaharibu masikio. Sasa 90 ina ubaya gani? Namba zimewekwa zitumike. Utakapopungukiwa ni kwenye rekodi za sauti ya chini, kama okestra, ambako vishindo vya ghafla vinahitaji akiba. Na laptopu hazifanani: MacBook Pro za 2021 hupima zenyewe hedifoni uliyochomeka, zikikuta omu 150 na kuendelea zinapanda hadi volti 3.

Wa kuogopa tundu ni mwenye hedifoni za omu 16. Tundu likiwa na ukinzani wake wa ndani, tuseme omu 20, volti zaidi ya nusu zinaishia humo humo. Tena omu za hedifoni hazitulii, hubadilika noti ikipanda na kushuka, basi besi inaweza kuvimba au kunywea. Za kwako za 250 hata hazishtuki.

Bi Kimya:
Mimi nauliza kelele. Simamisha wimbo, acha sauti juu, sogeza kipanya. Kisha chomeka chaji usikilize tena. Yangu ilikuwa inalia zzz kila nikigusa kipanya. Kama na yako inalia, amplifaya ukiichomeka kwenye tundu hilo hilo itakuza na hiyo kelele. Tafuta kadi ya sauti ya nje, kile kifaa cha kuchomeka USB, hedifoni unachomeka humo badala ya tundu la laptopu.

Sikio la Tatu:
Nimejaribu. Bila chaji, kimya kabisa. Nikichomeka chaji kuna mlio mwembamba kama mbu, na unabadilika nikipandisha ukurasa! Halafu aibu yangu: programu ya muziki ilikuwa imewashwa kile kipengele cha kusawazisha sauti za nyimbo, kumbe kilikuwa kinazishusha. Nimezima, sasa 70 inanitosha.

Fundi Koili:
Basi amplifaya isubiri. Sikiliza bila chaji, au chukua hiyo kadi ya USB. Ila soma volti zake kwanza, vile vidogo vya simu vingine havifiki hata 1, utarudi hapa kulalamika.

Mzee wa Besi:
Sawa, nimewaelewa. Amplifaya yangu ina uzito wa kilo mbili na kitufe cha sauti hakijawahi kuvuka robo.