Tupeane uzoefu: kutwa nzima barabarani ukisaka visanduku vya mihuri

Mtu wa Kabale
Habari zenu wadau. Uzi huu ni wa wale wanaoendesha gari bila haraka. Kuna mchezo unaitwa letaboksi. Mtu anaficha kisanduku kisichoingiza maji, ndani kuna daftari na muhuri wa mpira, halafu anatoa fumbo la kukifikia. Wewe unakuja na daftari lako, muhuri wako na pedi ya wino. Ukikipata, wa kwake unaugonga kwenye daftari lako, wa kwako kwenye lake, unakirudisha palepale. Hakuna zawadi, wala simu ya kukuonyesha njia.

Mchezo ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854. Mwongoza wageni mmoja, James Perrott, aliacha chupa sehemu inayoitwa Cranmere Pool ili wanaofika huko kwa miguu waache kadi zao. Leo Dartmoor ina maelfu ya visanduku. Sisi huku Uganda tunajifichia wenyewe: mmoja anatangulia, wengine wanafuata baada ya wiki.

Yangu ni Kabale–Kisoro, njia niliyoizoea tangu utotoni nikiwa nimesinzia kwenye basi. Fumbo la Kanaba lilisema: "Panda mpaka ukungu uwe chini yako. Milima mitatu ikijipanga foleni, ipe mgongo. Jiwe lenye ndevu linakusubiri." Tukafika, milima haipo, mawingu matupu. Tukakaa pembeni tukila mahindi ya kuchoma. Muhabura ndio ukatangulia kujitokeza, mita 4,127, kisha Gahinga, mwisho Sabinyo na meno yake mapengo. Tukageuka. Jiwe lilikuwa limeota kuvu upande wa chini, kama ndevu kweli, na nyuma yake mkebe. Ndani, muhuri wa korongo mwenye taji. Mchongaji aliishiwa nafasi, ndege hana miguu.

Haya, leteni zenu. Njia gani, na yapi yaliwakuta?

Mama Kahawa
Asante kwa uzi, kaka. Sisi ni Mbale–Kapchorwa. Mihuri tunachonga kwa soli ya ndala iliyochakaa: unachora kwa kalamu, unachonga kwa wembe, taratibu. Herufi ziandikwe kinyume! Mume wangu alichonga jina lake vizuri kabisa, sasa linasomeka kwenye kioo tu.

Pale Sipi kila gari linasimama kwenye poromoko kubwa, lile la karibu mita 100, watu wanapiga picha wanaondoka. Kwa hiyo hatukukiweka pale. Tulipanda juu zaidi hadi kwa mama mmoja mwenye shamba la kahawa, tukamwomba, akakubali kukaa nacho jikoni kwake. Fumbo linaishia hivi: "Mwulize mwenye shamba kahawa ya mwaka huu imekaukaje." Usipouliza hupewi. Wapo waliofika wakazunguka kwenye migomba saa nzima wakiona aibu kubisha hodi. Na waliobisha wameandika kurasa mbili mbili kwenye daftari, maana mama anakaanga kahawa mbele yako na hamruhusu mgeni kuondoka mikono mitupu.

Mzee wa Bombo
Wanangu, mchezo mzuri, lakini hii ni Uganda. Mtu mzima anainama chini ya mti wa watu, anafukia kitu, anaondoka na gari. Mnadhani wanakijiji watasema nini?

Vijana wangu walificha chao njia ya Gulu, mbele ya Luweero, kwenye shina la mwembe kando ya barabara. Tuliporudi nao kukitafuta, watoto wakatuona tunapapasa mizizi. Dakika chache tu tumezungukwa. Mmoja anasema ni dawa ya kuharibu ardhi, mwingine anasema ni bomu, wazee wamesimama mbali na fimbo. Akaitwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Akaja na kiti chake, akaketi, akaamuru sisi wenyewe tufungue, yeye akiwa hatua kumi nyuma. Kufungua: daftari na muhuri wa samaki.

Akauliza, "Muhuri huu ni wa ofisi gani?" Nikamweleza mchezo wote tangu mwanzo. Akanyamaza kidogo, akapekua mfuko wa koti, akatoa wa kwake, ule wa LC, akaupulizia pumzi na kuugonga kwenye daftari letu, akatia sahihi na tarehe. Tangu siku hiyo kisanduku kinakaa kwake. Ukienda, salimia kwanza.

Dereva Mstaafu
Mzee, umenivunja mbavu 😂 Huo muhuri wa LC ndio mgumu kuupata nchi hii, watu wanaufuata mara tatu nne kwa barua moja, nyinyi mmegongewa bure!

Lakini nakuunga mkono: omba ruhusa kwanza. Mimi chombo changu kipo Kayabwe, pale Ikweta, kama kilomita 72 kutoka Kampala kwenye njia ya Masaka. Kukificha pale haiwezekani, watu hawakauki. Nimekiacha dukani kwa dada anayeuza soda. Subiri vijana wa ndoo wamalize kuwaonyesha wageni maji yanavyozunguka kulia kaskazini na kushoto kusini. (Yanazunguka anavyotaka mwenye ndoo, lakini mwacheni kijana ale.) Kisha mwambie dada, "Nimevuka mstari, nina kiu." Muhuri wangu ni duara lililokatwa katikati, nilichongesha Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa kule Kampala. Fundi alitaka kujua kwanza kama ni wa chuo au wa forodha.

Binti wa Toro
Tafadhali sana, ndani ya hifadhi za wanyama msiache kitu. Njia ya Mbarara–Kasese inakatiza Queen Elizabeth, na kushuka garini kule si mchezo, tembo wanavuka lami wakitaka. Simameni Kichwamba juu ya bonde, muone uwanda wote mpaka ziwani, fumbo liishie hapohapo nje.

Sisi tunapenda vilima vya maziwa ya kreta karibu na Fort Portal. Mwenzetu mmoja alitumia kopo lililokuwa la siagi ya karanga, akaliosha kwa maji baridi, akaliweka kijijini kando ya njia ya Kamwenge, karibu na msitu wa Kibale. Nyani wakalipata kabla yetu. Kifuniko kimetafunwa, daftari limechanwa, pedi ya wino imelambwa. Alibaki nyani mmoja juu ya ukuta wa shule, midomo ya zambarau, anatutazama kama sisi ndio wezi.

Mtu wa Kabale
@Binti wa Toro umeniua. Sasa hivi sote tunatumia chombo kipya chenye mpira kwenye kifuniko, daftari ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kiwe juu ya jiwe, kisiguse udongo. Mchwa wa huku hawabagui karatasi.

Kijana wa Njeru
Nyote mmepita mbali na Jinja. Kipya hiki hapa, nimekiweka Jumapili kwa idhini ya mlinzi:

"Simama ng'ambo ya magharibi, penye nguzo ya Mzungu aliyesema ameuona mwanzo wa mto mwaka 1862, wenye mto wakiwa wanavua samaki. Maporomoko aliyoyaona yalizamishwa na bwawa. Mwulize mlinzi yamelala wapi. Atakakokuonyesha kidole, usiende. Nenda alikoegemeza baiskeli."

Dereva Mstaafu
Na siku akija kwa boda?

Kijana wa Njeru
Mzee, boda hapandi. Anasema zinamtia kizunguzungu.

Mama Kahawa
Tunapita huko Jumamosi kwenda harusi Mukono. Mwambie asiende likizo.