Nyinyi madalali mnaowauzia watu wa meli safari ya kijiji cha Matondoni, hela za kina mama waliowapikia wageni ziko wapi??

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, na nyinyi mlioko bara. Nimejizuia sana nisiandike lakini wallahi hii imezidi.

Kaskazi ndo hii, meli za watalii zapita. Ikija yatia nanga nje, watu waletwa gatini na vile viboti vya meli, wana masaa matano sita ya kukaa nchi kavu kisha warudi. Hapo ndo dalali anapoingilia. Kuna mmoja, simtaji, mwenyewe ajijua na hapa anasoma, kawauzia wageni siku nzima ya kijijini, ati asubuhi saa tatu magofu ya Takwa kisiwani Manda, saa tano Matondoni kwa mafundi wa mashua na chakula cha nyumbani, kisha kuzunguka mji wa Amu, kisha melini. Na kapanga hayo siku ya bamvua. Na siku yenyewe Ijumaa!!

Jamani mtoto mdogo wa Amu ajua kwamba bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa saa nne saa tano asubuhi na kujaa ni alasiri saa kumi hivi, na kati ya kupwa na kujaa hapo ni zaidi ya mita 3 za maji. Takwa waingia kwa ule mkono wa bahari katikati ya mikoko, maji yakitoka hauingii hata ukiwa na mashine ya namna gani. Kila siku maji yasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ratiba iliyofaa wiki jana wiki hii haifai, lazima uangalie upya au umuulize nahodha. Yeye hakumuuliza nahodha, alimpa karatasi tu akamwambia fuata hii.

Matokeo yake boti ilikwama njiani kwenda Takwa, wakasukuma, wakageuza bila kuona kitu, wakafika Matondoni maji yameshatoka kabisa. Wageni wakashushwa kwenye tope mpaka magotini. Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana, vijana wakamshika huku na huku, viatu mkononi, alikuwa anatetemeka. Huyo angevunjika mguu nani angejibu? Na walipofika wanaume wote washaingia msikitini, mafundi wameweka tezo zao za kuchongea mbao chini, kijiji kimya. Wageni wakasimama mbele ya mashua ambayo haina mtu, wakapiga picha, hata nusu saa haikufika wakaitwa boti ati meli haingoji. Kuna waliokuja na vikaptula vya pwani kabisa, mapaja nje, saa ya swala ya Ijumaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia wabebe hata leso. Wao siwalaumu. Walilipa pesa yao melini wakaamini wamepangiwa.

Sasa chakula. Kina mama waliambiwa wageni arubaini. Wakachukua mchele dukani kwa deni, nazi zikakunwa toka alfajiri, samaki wa kupaka, mikate ya mofa, vyote tayari saa tano. Hakuna aliyekula. Dalali kawaambia wageni hawakuonja kwa hiyo yeye halipi, akatoa hela kidogo ya kuni akaondoka. Mgeni mmoja alinionyesha risiti yake, pesa ya watu wachache tu kama yeye ingelipa masufuria yote na ikabaki! Zile zingine zimekwenda wapi?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Matondoni kuna kitu cha kuonyesha kweli. Mtu aje akae chini amuangalie fundi anavyochonga mataruma, zile mbavu za mashua, kwa jicho lake, hana mchoro wa karatasi, aone pamba inavyopigwa kalfati kwenye mianya ya mbao, aulize, ajibiwe, anywe kahawa. Hiyo ni kazi waliyorithishwa na wazee wao na yataka masaa mawili ya utulivu, tena mafundi wapewe chao kwa sababu wanasimamisha kazi kuwaeleza watu.

Kupanga vizuri kwani ni kazi gani? Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi maji yamejaa, peleka watu kwa boti. Bamvua wapitishe nchi kavu, punda au bodaboda, na kama meli yaondoka jioni warudi kwa boti maji yakijaa. Kama meli yaondoka mapema sema ukweli, wapeleke Shela kwa miguu ufukweni, maji yakiwa yametoka ni njia safi na haifiki saa moja. Takwa na Matondoni ziko pande mbili tofauti, chagua moja. Ijumaa fika mapema au baada ya swala. Mpigie mzee wa kijiji KABLA ya kuuza, sio usiku wa kuamkia safari. Na nusu ya hela ya chakula itolewe kabla jiko halijawashwa, nyingine pale pale, wageni wale wasile.

Mabwana wa maboti na nyinyi nawaambia, msikubali karatasi ya mtu asiyejua maji. Boti ikikwama lawama ni yenu.

NYONGEZA: kuna aliyenitumia meseji ati nafukuza watalii Amu. Nataka waje, na wakirudi kwao waseme walipokewa vizuri. Na wewe uliyetuma hiyo meseji kama ndo mwenyewe, deni liko dukani pale pale Matondoni, jina la mama liko kwenye daftari, nenda kalipe wiki hii kabla meli nyingine haijatia nanga.