Kloridi ya maji ya visima: titresheni ya Mohr, mita ya kondaktiviti au elektrodi?

Mhandisi_Tudor
Asalaam aleikum wanajukwaa. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu. Mradi wetu ni kupima kloridi, ile sehemu ya chumvi inayotia vyuma kutu, kwenye maji ya visima vya Kisauni, Bamburi na Likoni hapa Mombasa: yapi yanafaa kuchanganyia zege lenye vyuma na yapi hayafai. Sampuli ni kama 40. Maabara ina bureti (mrija wenye alama wa kutonea) na kemikali za kawaida, mita ya mkononi ya kondaktiviti, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, na elektrodi ya kloridi, kijiti kinachosoma kloridi kwa volti, ambayo bado imo kwenye boksi lake. Tukitumia ipi tutapata namba tunayoweza kuitetea mbele ya msimamizi?

BiMaabara
Wa alaikumu salaam. Kabla ya kuchagua chombo, shikeni kikomo. Kiwango cha Ulaya cha maji ya zege, EN 1008, kinaruhusu kloridi hadi 1,000 mg/L kwa zege la kawaida lenye vyuma, 500 mg/L pale vyuma vinapovutwa kwanza, na 4,500 mg/L kwa zege lisilo na chuma ndani. Mnachotafuta basi ni kila kisima kiko upande gani wa 1,000. Kwa hilo mimi ni titresheni ya Mohr, bila kusita: unatonea nitrati ya fedha hadi rangi igeuke, kisha unahesabu iliyotumika.

Pimeni gramu 2.395 za nitrati ya fedha, yeyusheni hadi lita moja. Hiyo ni 0.0141 M (moli kwa lita), na kila mililita inashika miligramu 0.5 ya kloridi. Wekeni kwenye chupa ya kahawia, mwanga unaiharibu. Ihakikisheni kwa kloridi ya sodiamu safi, miligramu 824 kwa lita, iliyokaushwa kwenye oveni nyuzi 140 na kupoa ndani ya desiketa, chombo kinachofungwa na kuwekwa kikavu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, chumvi ikipoa mezani inavuta maji na uzito unawadanganya. Chumvi ya jikoni msiiguse kwa kazi hii, imetiwa madini joto na dawa ya kuzuia kugandana.

Ujazo wa sampuli ndio unaowaponza wengi. Maandishi ya mbinu hii yanasema mililita 100, lakini maji yenye 1,000 mg/L yatakula mililita 200 za nitrati ya fedha, na bureti yenu ni ya 50. Chukueni mililita 10 au 25 kwa pipeti, ongezeni maji yaliyotoneshwa hadi 100, tieni mililita 1 ya kromati ya potasiamu (gramu 50 kwa lita), kisha toneni nitrati ya fedha huku mkizungusha flaski. Kisha:

mg/L = (A − B) × 0.0141 × 35,450 ÷ ujazo wa sampuli

A ni mililita za nitrati ya fedha zilizoliwa na sampuli, B ni zilizoliwa na maji matupu (yaliyotoneshwa, bila sampuli), kwa kawaida 0.2 hadi 0.3. Mfano: sampuli ya 25 ikila 14.6 na maji matupu 0.2, jibu ni 288 mg/L.

Pwani_Kemia
Bi mkubwa amesema kweli, ila sampuli 40, kila moja mara tatu, ni titresheni 120, tena kwa nitrati ya fedha ambayo si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi. Mita ya kondaktiviti inamaliza zote 40 asubuhi moja. Isawazisheni kwa KCl (kloridi ya potasiamu) ya 0.01 M, isome 1,413 µS/cm, kipimo cha kondaktiviti, kwenye nyuzi 25. Kama haina fidia ya joto, kila nyuzi inapandisha usomaji kwa takriban asilimia 2, hivyo chumba cha nyuzi 30 kinawaongezea asilimia 10 ya uongo. Kloridi ya sodiamu yenye 1,000 mg/L ya kloridi inasoma karibu 3,200 µS/cm. Kisima kikisoma 8,000, mnataka kukitonea nini?

BiMaabara
Kinachosoma 8,000 sina neno nacho. Shida ni vile vya katikati. Mita inahesabu ayoni zote (chembe zenye chaji) kwa pamoja, kama mtu anayehesabu abiria wakishuka feri ya Likoni bila kuuliza nani ametoka wapi. Na mwamba wetu ni wa matumbawe. Maji yakipita humo yanabeba kalsiamu na bikaboneti. Bikaboneti ya 300 mg/L pamoja na kalsiamu yake inaleta zaidi ya 400 µS/cm bila kloridi hata kidogo. Mkiigeuza yote kuwa chumvi, mmekipa kisima zaidi ya 100 mg/L za kloridi ambazo hazimo. Kwenye kisima cha kloridi 3,000 mg/L si kitu. Kwenye kisima cha 400 mg/L hesabu imeharibika, na kwa kikomo cha 500 mnaweza kukikataa kisima kizuri.

Pwani_Kemia
Hapo tuko pamoja, na hiyo ndiyo sababu ya kuchora grafu. Pimeni zote 40 kwa mita, kisha chagueni 12 hivi za Mohr, kuanzia tamu kabisa hadi ya chumvi kabisa, tena kutoka mitaa yote mitatu. Kloridi iwe mhimili mmoja, kondaktiviti mwingine. Pale mstari unapokata mhimili wa kondaktiviti kloridi ikiwa sifuri, huo ndio mchango wa mwamba. Kisima chochote ambacho mstari unakiweka kati ya 800 na 1,200 mg/L kirudi kwenye bureti. Na msiurefushe mstari kupita sampuli mliyoipima.

Elektrodi_254
Elektrodi msiidharau, lakini inataka matunzo. Ikitoka kwenye boksi ilowekeni kwenye kloridi hafifu kwa muda ambao karatasi yake ya maelekezo inataja. Tengenezeni 1,000 mg/L kwa gramu 1.649 za NaCl (kloridi ya sodiamu) safi kwa lita, punguzeni hadi 100 na 10. Kwenye kila kiwango na kila sampuli tieni mililita 2 za nitrati ya sodiamu ya 5 M kwa kila 100, ili nguvu ya ayoni ilingane. Kutoka 100 hadi 1,000 usomaji ushuke karibu 59 mV kwa nyuzi 25, au 60 kwa nyuzi 30. Ukishuka 50 tu, utando umechafuka: usugueni polepole kwa karatasi yake ya kusugulia.

Udhaifu wake ni huu: kosa la 1 mV ni kama asilimia 4 ya jibu. Mohr ikifanywa vizuri inaipita. Pia angalieni elektrodi ya rejea, ile ya kulinganishia. Kama chumba chake cha nje kimejazwa KCl, kinavuja kloridi ndani ya sampuli na maji matamu yatasoma juu. Jazeni nitrati ya potasiamu.

Mhandisi_Tudor
Shukran sana. Visima viwili karibu na mikoko vinanuka mayai viza. Na kwenye Mohr hatuoni vizuri mwisho ni wapi.

BiMaabara
Harufu hiyo ni salfidi. Inashika fedha kama kloridi inavyoishika, na inaitia elektrodi sumu. Tieni mililita 1 ya peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 30, koroga dakika moja, ndipo mtone. pH iwe kati ya 7 na 10: chini ya hapo kromati inageuka dikromati na mwisho unachelewa, juu ya hapo fedha inaganda kama oksidi. Maji ya matumbawe mara nyingi yako sawa yenyewe. Mkilazimika kurekebisha, tumieni asidi salfuriki au soda kali, kamwe si hidrokloriki, maana hiyo ni kloridi mnajiongezea.

Kuhusu rangi: wekeni kigae cheupe chini, na kando yake flaski ya pili mliyoisimamisha mililita moja kabla ya mwisho. Mnasubiri manjano iguse uwaridi na ikae sekunde 30. Mkingoja nyekundu ya tofali mmeshapita. Kaeni mbali na dirisha lenye jua, kloridi ya fedha inageuka zambarau na kuwachanganya. Vaeni glavu. Kromati husababisha saratani, kwa hiyo mabaki yote yaende kwenye chupa ya taka yenye lebo, sinki hapana.

Kisima_Mkuu
Niongeze la uwanjani, maana bureti haiwezi kusahihisha sampuli mbovu. Washeni pampu dakika kadhaa kabla ya kukinga, msichukue maji yaliyolala kwenye tangi. Chupa ya plastiki isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale. Kloridi haiozi, haihitaji dawa wala barafu.

Na andikeni maji ya bahari yalikuwaje. Matumbawe yana matundu, kisima cha karibu na ufuo kinaweza kuhisi kujaa na kupwa. Kile kinachosoma 900 mg/L wakati wa maji mafu (bahari ikijaa na kupwa kidogo) kipimeni tena wakati wa bamvua (ikijaa na kupwa sana) kabla ya kukipitisha. Sampuli hizo mbili ziwe na chupa mbili, saa na tarehe viandikwe ubavuni mwa chupa. Vifuniko hubadilishana.