Feni ya bati kwenye mpira wa hewa: inaongeza nguvu au inaziba njia?

Ist_cc1500: Wakuu, kuna kile kidude cha bati chenye mapanga yasiyozunguka, kinachomekwa kwenye mpira wa hewa (bomba la kupeleka hewa kwenye injini) kati ya boksi la ea klina (chujio la hewa) na throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta). Wauzaji wanadai hewa ikiingia kwa kimbunga inachanganyika vizuri na petroli, gari linakuwa jepesi na ulaji wa mafuta unashuka. Gari ni Toyota Ist, injini 1NZ-FE. Nifunge?

Plagi4: Usifunge, mkuu. Fuata njia ya hewa: kimbunga kikitoka kwenye mapanga kinagonga kona ya mpira, halafu kipepeo cha throto, halafu kinaingia kwenye manifoldi na kugawanywa njia nne. Hapo kimeshakufa. Na petroli yenyewe haipiti huko, nozeli za 1NZ-FE zinapuliza mlangoni mwa kila silinda karibu na valvu. Sasa hewa inachanganywa na nini?

Mzunguko unaosaidia mwako ni wa ndani ya silinda, na unatokana na umbo la matundu ya hewa ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Toyota walipoutaka kwenye injini ya 3S-FSE ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, waliweka vipepeo vya kufunga tundu moja kati ya mawili ya kila silinda. Hawakuhangaika na mpira wa nje.

Piga hesabu: injini ya lita 1.5 inajaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili, hivyo kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ni karibu lita 4,500 za hewa kwa dakika, silinda zikijaa sawasawa. Bati lolote njiani linapunguza. Mjini hutagundua kwa sababu throto yenyewe imefungwa nusu; panda mlima Kitonga na mzigo ndiyo utajua. Mwaka 2005 jarida la Popular Mechanics la Marekani lilipima vidude viwili vya namna hii kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari), nguvu ya juu ikashuka zaidi ya asilimia 10.

Waya_Mwekundu: Naongezea madhara. Sensa ya hewa ya injini hiyo iko pale kwenye mdomo wa boksi la ea klina, inataka hewa iliyotulia. Kidude kikiisogelea, usomaji unayumba. Mpira usipokaa vizuri baada ya kukichomeka, hewa inaingia bila kupimwa: injini inatetemeka ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, taa ya cheki injini inawaka, na kompyuta inatoa namba ya hitilafu P0171 (hewa nyingi, petroli kidogo). Panga likikatika ndiyo balaa, linaweza kukwamisha kipepeo cha throto.

Ist_cc1500: Mbona waliofunga wanasema gari limechangamka?

Plagi4: Mara nyingi fundi anakuwa amesafisha throto na kubadili ea klina siku hiyohiyo, sifa inapewa bati. Ukitaka ukweli, jaza tangi mpaka pampu ikate, kituo kilekile, tembea km 300 au zaidi njia ileile, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Fanya mara tatu nacho, mara tatu bila. Mwenye skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) asome gramu za hewa kwa sekunde, pedali chini kabisa, mizunguko 5,000: zikipungua, nguvu imepungua.

Waya_Mwekundu: Kama shida ni ulaji, anza na thamostati (valvu inayosimamia joto la maji ya injini). Mafundi wetu wanapenda kuing'oa "gari lisichemke", injini inabaki baridi na kompyuta inazidisha petroli. Kisha plagi, uwazi wa milimita 1.1, na upepo wa matairi kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema. Ea klina ya karatasi usiipulize kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, vumbi linazama kwenye karatasi.