Naombeni ushauri: mama mkwe anahamia kwetu na mimi mkaa nimeshauacha

Mama Vitumbua, Tabata

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana mkiishia katikati mtaniona mkamwana mkorofi.

Mimi sikuwa mtu wa mazingira. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mtaani kwetu hakuna aliyelalamika kunizidi. Nilikuwa nauza vitumbua asubuhi, nafunga kwenye vimfuko laini, nikaona nimeonewa. Nikahamia kwenye karatasi, mafuta yakawa yanapenya. Mwisho nikawaambia wateja waje na vyombo vyao, na wakaja. Kapu la ukindu alilonipa bibi likatoka uvunguni likaanza kwenda sokoni Buguruni. Sikufanya kwa mapenzi, nilifanya kwa kuogopa faini. Ila masika ya mwaka uliofuata nilipokuwa nazibua mfereji wa nyuma ya nyumba nilitoa majani na mchanga. Zamani ndoo nzima ingekuwa mifuko.

Gesi nayo niliingia kwa shingo upande. Mvua zilikata barabara za porini, gunia la mkaa likapanda, mume wangu akaleta mtungi wa kilo 6. Nilipikia chai na mayai tu. Ugali na maharage vilibaki kwenye mkaa, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Kilichonigeuza ni Kilosa, kule mkoani Morogoro. Mume wangu ni mtu wa huko. Nilipoolewa, mwaka 2011, gari lilituacha barabara kuu tukaingia kijijini kwa miguu, karibu nusu saa, njia nzima kivuli. Mwaka 2022 tukarudi msibani kwa njia ileile. Jua lilitupiga utosini kutoka barabarani hadi mlangoni. Visiki, na kila baada ya hatua chache duara jeusi ambapo tanuri lilikuwa. Mwanangu akauliza, "Mama, hapa palikuwa na nini?" Nilishindwa kumjibu. Nilijua gunia ninaloshushiwa Tabata linatoka mahali kama pale.

Tangu hapo nimepunguza mpaka mwaka jana nikaacha kabisa. Sasa mama mkwe anahamia kwetu mwezi ujao, miguu inamsumbua na huku hospitali iko karibu. Huyu mama amelea watoto sita kwa mkaa. Mume wangu amesoma sekondari kwa magunia yaliyopangwa kando ya barabara. Gesi haiamini, anasema inalipuka na maharage yake hayana ladha. Juzi kwenye simu ameniuliza, "Jiko langu litakaa wapi?"

Nishike msimamo au nirudishe mkaa? Nikikataa, nitasemaje asione kwamba naidharau kazi iliyomlea mume wangu? Jambo la pili ni maharage. Yananimalizia gesi, na mama anakula maharage kila siku.

Fundi Mitungi, Mbagala

Dada, nianze na hofu ya mama, maana ina msingi. Mimi nafunga majiko ya gesi na nimeshaona jikoni kulikoungua. Karibu mara zote chanzo ni mpira uliochakaa, regulata isiyokaa sawasawa, au mtu kuwasha taa baada ya kusikia harufu.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya imewekwa makusudi ili mtu ashtuke. Na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kujaa chini. Mkisikia harufu: funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, wala usiizime iliyokuwa inawaka. Mtungi usimame wima, usilazwe hata kama gesi inakwisha.

Siku mama akifika mwoneshe jaribio la povu. Koroga sabuni kwenye kikombe, paka kwenye maungio ya mpira na regulata, kisha fungua mtungi. Panapovuja povu linavimba. Mwache apake kwa mkono wake. Mama yangu mzazi nilimshinda kwa povu hilo baada ya maneno ya miaka miwili kushindwa.

Kijana wa Kimara

Mimi naungana na kushika msimamo. Mkaa ndani ya nyumba ya mjini, na madirisha yetu haya madogo, ni hatari. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na watu wamelala na jiko chumbani wasiamke. Mama ana umri, atasikia baridi usiku wa Julai, atalivuta jiko karibu.

Kuhusu maharage, nunua presha kuka ya umeme. Yangu ni ya wati 1,000. Watu wanaiogopa hiyo namba, lakini haivuti umeme muda wote. Ikishapata presha inakata, inarudi kidogo, inakata tena. Nilisimama kwenye mita ya luku na kalamu: maharage yaliyolowekwa usiku yaliiva kwa chini ya nusu uniti. Makongoro hali kadhalika.

Ila angalieni mko kundi gani la umeme. Kama mko kwenye lile la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hesabuni kabla, maana mkizidisha mtahamishwa na kila uniti itapanda bei.

Dada wa Likoni

Salaam aleikum ndugu zangu wa Dar. Huku Kenya marufuku ya mifuko ilitukuta Agosti 2017, kwa hivyo hayo malalamiko ya vitumbua nayaelewa sana, mimi nilikuwa nauza mahamri.

Mamangu naye hakutaka kuiacha seredani yake, lile jiko la mkaa. Sikumnunulia kitu, nilimtengenezea kapu la kupikia. Chukua kapu kubwa lenye mfuniko, ndani tandika blanketi kuukuu, pembeni jaza sufi au matambara mpaka sufuria ikae imebanwa. Maharagwe yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, tia mapya, chemsha kwa nguvu dakika 20 huku umefunika. Itoe sufuria ikiwa bado inatokota, iingize kapuni, juu yake mto mzito, na usichungulie. Baada ya muda wa saa nne au tano yameiva, na hayajavurugika. Wali wa nazi ukishakaribia kukauka unamalizikia humohumo.

Tahadhari moja: usiruke hizo dakika za kutokota. Maharagwe mekundu hasa yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi.

Na ladha anayoililia mama, mara nyingi ni ya kupika polepole. Moshi wenyewe haumo ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Mama Vitumbua, Tabata

Fundi, hilo la povu nimelichukua. Kimara, luku yetu ni ya kundi la juu tayari, kwa hiyo hapo hatuna cha kupoteza. Dada wa Likoni, kapu ninalo, sufi nitaitafuta. Bado hamjanijibu la moyoni: nimwambie nini?

Mzee wa Morogoro

Mwanangu, marahaba. Nimechoma mkaa ujanani, nikaja kufanya kazi za misitu, kwa hiyo nazungumza nikijua pande zote.

Usimpokee mama yako na hotuba ya miti. Yeye anaijua kukuzidi. Mwulize walikuwa wanakata mti gani, wanauacha upi, na kisiki wanakiacha kirefu kiasi gani. Miombo ikikatwa vizuri haifi, kisiki kinachipua. Kinachoumaliza msitu ni kuchoma moto machipukizi, kung'oa visiki kulima, na kurudi kukata kabla miti haijakomaa. Duara ulizoziona huenda zilianza kwa tanuri, lakini kivuli hakikurudi kwa sababu pamelimwa.

Kilosa hiyohiyo, kuanzia mwaka 2012, kulikuwa na mradi wa Mkaa Endelevu wa TFCG, shirika la kuhifadhi misitu, na MJUMITA, mtandao wa vijiji vinavyosimamia misitu yao. Vijiji viliupanga msitu wao kama ubao wa drafti, vitalu vya mita 50 kwa 50. Unavuna kimoja, wa jirani unauacha, na hurudi kwenye kile ulichovuna mpaka ipite miaka 24. Ushuru ulibaki kijijini na ukajenga madarasa. Kwa hiyo nisingependa mtu aseme mchoma mkaa ni mwizi.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Tanuri la udongo la kienyeji linakula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya mti inaishia hewani kabla gunia halijashonwa. Na ninyi wa mjini ndio mnaolivuta.

Mama Vitumbua, Tabata

Mzee wangu, asante. Hapo pa kulima hukunionea, kweli palikuwa na mahindi. Ila nikifika kwa muuza mkaa wa Tabata hakuna anayeweza kuniambia gunia hili limetoka kitalu kilichopangwa au porini usiku. Laiti ningeweza kujua, pengine ningenunua moja kwa mwezi bila kusononeka.

Msomaji Mpya

Samahanini, mimi naona tunajidanganya. Gesi hii ya mitungi nayo inatokana na mafuta ya ardhini na inaletwa kwa meli. Ukijani wake uko wapi?

Kijana wa Kimara

Ni kweli inatokana huko. Lakini mti hauukati, moshi kifuani huupati, na ukiunganisha na presha kuka ya umeme mtungi unadumu. Mtu akisubiri kitu kisicho na dosari atabaki anapepea mkaa.

Mama Vitumbua, Tabata

MREJESHO. Wakuu, mama ana wiki tano hapa. Nilisita kuandika mapema.

Siku ya kwanza nilimwekea jiko lake barazani, pamoja na kopo moja la mkaa. Nilimwambia hivi: "Mama, jiko lako hili hapa, ila ndani ya nyumba haliingii, kwa sababu ya vifua vya watoto." Akakubali. Kuhusu kazi yake sikusema neno. Jioni nilimwuliza la visiki, kama Mzee alivyonielekeza.

Aliongea hadi saa nne usiku. Mume wangu anasema baadhi ya mambo naye alikuwa hajawahi kuyasikia. Kwamba baba yao alikataza mninga usiguswe. Kwamba kisiki walikiacha chini ya goti, wakikikata mshazari ili maji yasituame. Kwamba siku hizi vijana wanakuja na msumeno wa mashine kutoka mbali, hawaulizi mtu. Mwishoni akasema, "Na mimi nilipozeeka niliona njia imekuwa nyeupe." Nikajua ni njia ileile.

Povu alilipaka mwenyewe. Chai ya alfajiri sasa anawasha yeye gesi, kabla sijaamka. Presha kuka hakuipenda mlio wake, ile fiii inamshtua, kwa hiyo naitumia akiwa amelala mchana. Maharage ya kapuni ndiyo aliyoyapokea. Analifungua mwenyewe saa saba, anainua mto, mvuke unampiga usoni, anachota punje moja na kuibonyeza kwa kidole gumba. Kisha anayatia nazi.

Mkaa haujaisha hapa nyumbani, nawaambia ukweli. Jumamosi anachoma mahindi barazani na wajukuu wamemzunguka, na sina moyo wa kulizuia hilo. Kopo lile la kwanza tulilimaliza wiki ya nne. Zamani ningekuwa nimeshamaliza gunia.

Sasa ana ombi, ndilo limenirudisha. Dada yake aliyebaki Kilosa anapikia kuni ndani, macho yanamtoka machozi mchana kutwa. Umeme kwake haujafika na mtungi wa gesi kuujaza ni safari. Mama anataka apelekewe jiko banifu la kuni kabla ya kilimo kuanza. Mwenye kujua fundi mzuri Morogoro mjini, na bei yake, aniandikie hapa. Mzee, wewe je?

Mzee wa Morogoro

Usinunue kwanza. La kuni linajengwa palepale kwa udongo wa kichuguu, mchanga na majani makavu, likiwa na nafasi ya sufuria mbili na bomba la kutolea moshi nje. Nipe siku mbili nimtafute kijana anayejua kulijenga. Mwambie mama aulize kwa dada yake kama kichuguu kiko karibu na nyumba.