Barafu za maulidi

Shangazi Raskazone: Asalaam alaykum ukoo. Jamani lile friji la mwanangu lenye mashine ya barafu humo ndani, tangu juzi linatoa vibarafu vyembamba kama ganda la yai, vingine vina shimo katikati. Na Ijumaa nina wageni wa maulidi, juisi ya ukwaju yote naitegemeza hapo. Fundi kaja asubuhi kasema mashine imekufa ninunue nyingine

Mama Zuhura: Waalaykum salaam shangazi, pole. Usitoe hela kwanza

Kaka wa Donge: Shikamoo shangazi. Samaki kwenye friza wanaganda vizuri?

Shangazi Raskazone: Marahaba mwanangu. Nguru jiwe kabisa

Kaka wa Donge: Basi baridi ipo, friza inatakiwa iwe kama 18 chini ya sifuri. Na kama vibarafu vinadondoka mashine nzima hiyo, maana maji yakishaganda kalibu, kile kitrei cha kugandishia, inapashwa moto kidogo barafu iachie, ndo vile vidole vinazunguka kuisukuma nje. Kinachokosekana ni maji, kalibu haijai. Unatumia bomba la mtaani au simtanki?

Shangazi Raskazone: Simtanki, lile la juu ya choo cha uani. Bomba wiki hii linatoka usiku tu kwa iyo tumehamishia huko

Kaka wa Donge: Ndo apo sasa shangazi. Valvu za kuingizia maji za hizi mashine nyingi zinataka presha ya psi 20 hivi, yani kama bar 1.4, na tanki ulinyanyue mita 10 nzima ndo upate bar 1. Lako halifiki hata mita 3 toka friji lilipo, bar 0.3 hiyo. Valvu inafunguka sekunde chache inajifunga, maji ya kujikokota yatajaza saa ngapi? Tena presha ikiwa ndogo hata kufunga inaweza isifunge sawasawa, matone yakaganda kwenye mrija ukaziba kabisa

Mama Zuhura: Na filta ya maji ya friji umebadilisha lini? Ikiziba nayo barafu zinakuwa ndogo hivyo hivyo

Shangazi Raskazone: Filta ipi tena? Haijaguswa tangu friji lije, mwaka wa pili huu

Mama Zuhura: Subhanallah shangazi, ile ni kila miezi 6!!

Kaka wa Donge: Inaniuma kweli mtu kuambiwa anunue mashine nzima bila hata kuulizwa maji yanatoka wapi. Kesho baada ya alasiri naja na kapampu kadogo na filta. Kwa sasa nyanyua ule mkono wa waya ubaki juu, mashine isimame, isiwe inaita maji yasiyokuja. Tukishafunga tunaushusha, tunasubiri siku nzima, barafu za mwanzo tunamwaga

Mama Zuhura: Mi nagandisha maji kwenye makopo ya aiskrimu leo usiku, hata hiyo ikichelewa Ijumaa hukosi. Alafu umeme ukikatika zikashikana usizipige, toa ndoo yake nje ziachie zenyewe. Kwangu watoto walizigonga na mwiko mkono wa waya ukavunjika

Shangazi Raskazone: Mungu awape kheri wanangu. Nimeunyanyua, umelia tak. Ndo wenyewe?

Kaka wa Donge: Ndo wenyewe shangazi

Shangazi Raskazone: Haya, kesho usile huko, nakupikia huyo nguru wa nazi