TOGAF: darasa la siku nne, kujisomea au kikundi cha Jumamosi? Naomba ulinganisho

Kimara_Mwisho
Habari za leo wakuu. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye kampuni moja ya bima hapa Dar, mwaka wa saba sasa nikiwa mchambuzi wa mifumo. Kila mwaka tunanunua mfumo mpya, na kila mwaka naitwa mimi kueleza kwa nini mfumo wa madai hauongei na mfumo wa uhasibu. Nimechoka kuunganisha vitu vikishanunuliwa. Nataka nikae kwenye meza inayoamua kabla havijanunuliwa, ndiyo maana nautaka usanifu wa mifumo ya taasisi. Cheti ninachokilenga ni cha TOGAF, kiwango cha usanifu huo kinachotolewa na The Open Group, ngazi zote mbili, Foundation na Practitioner.

Ofisi imekubali kulipa nusu. Kuna darasa la moja kwa moja mtandaoni, siku nne, la watoa mafunzo walioidhinishwa na The Open Group, na vocha ya mtihani imo ndani ya bei. Ni ghali kweli, hata ikigawanywa nusu. Kuna kujisomea, ambako nitalipia mtihani na pengine kozi ya video. Halafu kuna wenzangu watatu wanaokutana kila Jumamosi Kijitonyama kusoma pamoja. Juu ya hayo yote, mkuu wetu wa ukaguzi ananisukuma niachane na TOGAF nichukue COBIT, mwongozo wa utawala wa TEHAMA.

Nyumbani kuna mtoto wa miezi minane, kwa hiyo muda wangu wa uhakika ni saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu, kabla sijapanda mwendokasi. Mliopita njia hizi naomba mnieleze mlichokiona. Nawasilisha.

FundiMifumo
Mkuu, mimi nilijisomea nikafaulu zote mbili, nitasemea upande huo.

Hakuna sharti la kupita darasani ndipo ufanye mtihani. Kiwango chenyewe, toleo la kumi lililotoka Aprili 2022, unakisoma bure kwenye tovuti ya The Open Group. Usitishwe na wingi wa nyaraka. Mwili wake mkuu ni nyaraka sita, na pembeni kuna miongozo ya mada mojamoja. Nilianza na ile ya utangulizi na dhana za msingi, nikaingia kwenye ADM, yaani njia ya kujenga usanifu hatua kwa hatua, na hapo nilikaa wiki tano. ADM ndio moyo wa kitu chote: awamu ya maandalizi, kisha A hadi H, na usimamizi wa mahitaji ukiwa katikati ukigusa awamu zote. Kila awamu niliiandikia ukurasa mmoja kwa mkono wangu: nini kinaingia, hatua gani zinafuatwa, nini kinatoka. Zile kurasa kumi zilinifaa kuliko video zote nilizonunua.

Sehemu ya kwanza, ndiyo Foundation, ina maswali 40 kwa dakika 60, bila kitabu, na unahitaji 24 ili ufaulu. Hiyo ni kumbukumbu na kuelewa maneno. Sehemu ya pili, ndiyo Practitioner, ina maswali manane kwa dakika 90, kila moja na kisa chake kirefu, na kiwango kinafunguliwa kwenye skrini ileile ya mtihani. Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Wakisikia kitabu kipo wazi wanalegea. Una dakika kama kumi na moja kwa kila swali, na kisa tu kukisoma vizuri kinakula tatu au nne. Kama hujui kabla unachokitafuta kipo waraka gani, hutakiona.

Kwa saa moja na nusu yako ya alfajiri, hesabu miezi mitatu. Inatosha.

DadaWaViwango
Nakubaliana na Fundi karibu kwa yote, ila darasa lisidharauliwe. Mimi nilikwenda darasani, ofisi ikalipa, na kilichonisaidia ni kimoja: namna ya kuamua kati ya majibu mawili yote yanayoonekana sahihi.

Kimara, hili lielewe mapema. Sehemu ya pili haina "umepata au umekosa" peke yake. Kila swali lina majibu manne: lililo bora kabisa lina alama 5, linalofuata 3, linalofuata 1, na la mwisho sifuri. Jumla ni 40, ufaulu ni 24. Sasa piga hesabu: ukichagua jibu la pili kwa ubora katika maswali yote manane, unapata 24 kamili, umefaulu. Maana yake ni kwamba mtihani unapima uamuzi wako. Jibu moja linakimbilia kununua bidhaa kabla wadau hawajasikilizwa. Jingine linawasikiliza wadau lakini linaruka uchambuzi wa pengo. La tatu limekamilika, ila linafanya kazi ya awamu F, ya kupanga uhamiaji, wakati kisa bado kipo awamu A, ya dira. Ukiwa peke yako unasema "nimekosa" unaendelea mbele. Mkufunzi mzuri anakusimamisha na kukuuliza ni sentensi gani ya kisa ingekuzuia kuchagua hilo.

Lakini nilikwenda darasani nikiwa nimeshasoma nyaraka zote mara moja. Wenzangu waliokuja wakitegemea siku nne ziwafundishe kila kitu walitoka na vitabu vizuri na vichwa vizito. Siku nne ni za kunoa, na kisu uwe nacho.

MbagalaRangiTatu
Naomba niseme yangu ili mwingine asiumie. Nililipa darasa hapa mjini, hela niliyoiweka mwaka mzima. Mkufunzi alikuwa mtu wa watu na anaongea vizuri. Siku ya pili nikagundua slaidi zake ni za toleo la 9.1, ambalo ni la 2011. Nilipouliza, nikaambiwa tofauti ni ndogo. Si ndogo kwa mtu anayeingia kwenye chumba cha mtihani: nyaraka zimepangwa upya, na vitu nilivyofundishwa kuvitafuta sura fulani sikuvikuta pale. Sehemu ya kwanza nilifaulu, ya pili nikakosa.

Kabla hujatoa hata shilingi, omba majibu ya maandishi: wanafundisha toleo lipi, mtoa mafunzo yupo kwenye orodha ya walioidhinishwa inayowekwa hadharani na The Open Group, vocha ni ya mtihani upi na inaisha lini. Orodha hiyo iangalie mwenyewe, usitumiwe picha yake.

Mkaguzi_Ilala
Mimi ni wa upande wa COBIT, na nakwambia kwa moyo mweupe: mkuu wako wa ukaguzi anakupa ushauri mzuri kwa kazi yake, siyo kwa yako. COBIT 2019 ina malengo 40 ya utawala na usimamizi wa TEHAMA, na usanifu wa taasisi ni lengo moja kati ya hayo, APO03. COBIT itakufundisha kuuliza kama usanifu upo, nani anawajibika, unapimwaje. Haitakufundisha kuufanya. Ukitaka kuhamia ukaguzi au usimamizi wa vihatarishi, njoo kwetu. Kwa ulivyojieleza, TOGAF kwanza.

Jambo jingine la mfukoni: vyeti vya ISACA, wenye COBIT, kama CISA cha ukaguzi na CGEIT cha utawala wa TEHAMA, vinakudai saa 120 za mafunzo kila miaka mitatu pamoja na ada ya kila mwaka. TOGAF ukishaipata ni yako.

Sinza_Kijiweni
Samahani kuingilia. Mimi nina TOGAF 9 ngazi zote mbili tangu 2016. Nianze upya?

DadaWaViwango
Hapana, kaka. Cheti chako hakijafa. Ukitaka cha toleo jipya upo mtihani wa kuvukia (bridge) kwa wenye TOGAF 9 Certified, unaufanya huo tu.

MzeeWaSeva
Vijana, hamjambo. Nimesoma yote, mnasema vizuri, ila mnaongea kama mtihani ndio mwisho wa safari. Kimara amesema anataka kukaa kwenye meza ya maamuzi. Basi asome kwa kutumia meza yake mwenyewe.

Nitatoa mfano ambao kila mtu hapa ameushika mkononi. Mnajua namba ya malipo ya serikali, ile control number. Zamani kila taasisi ilikuwa na akaunti zake, risiti zake na foleni yake ya kulipa. Sasa chukua maneno mawili ya TOGAF yanayowachanganya wengi, tofali la usanifu na tofali la suluhisho. "Taasisi iweze kutoa ankara yenye namba ya pekee, ipokee malipo kupitia benki au simu, ipate uthibitisho papo hapo na ilinganishe hesabu." Hilo ni tofali la usanifu, limesema kinachohitajika na halijataja bidhaa yoyote. Kujiunga na GePG, mfumo wa serikali unaotoa hizo control number, kwa kiunganishi fulani, kwenye seva fulani, ni tofali la suluhisho. Ukiyatenganisha haya mawili kichwani, nusu ya sehemu ya pili inafunguka. Na utaelewa kwa nini ofisi nyingi zinanunua suluhisho wakati tofali la kwanza halijaandikwa na mtu yeyote.

Wewe wa bima, chukua mfumo wenu wa madai. Andika awamu A yake: wadau ni akina nani, kila mmoja anahofia nini, mwisho wa kazi uonekane vipi. Kisha andika mfumo ulivyo leo na unavyotakiwa uwe, uone pengo. Ukitaka kuchora, ipo programu ya Archi, ni ya bure, inatumia ArchiMate, lugha ya kuchorea usanifu. Mtihani haukudai uchore, lakini mchoro utakuonyesha pale ulipojidanganya.

Na kwa mnaofanya kazi serikalini, tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 taasisi za umma zinatakiwa kufuata viwango na miongozo ya eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao. Isomeni sambamba, msiione TOGAF kama kitu cha Ulaya kisichowahusu.

Kimara_Mwisho
Shikamoo mzee. Mfano wa control number umeniingia, nimeunakili kwenye daftari. Swali la mwisho wakuu: mtihani niufanyie nyumbani au kituoni?

FundiMifumo
Nyumbani inawezekana, Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, wanakusimamia kwa kamera. Unapiga picha za chumba, meza iwe tupu, na mtu yeyote asiingie mpaka umalize. Una mtoto wa miezi minane na umeme wetu unaujua. Nenda kituoni. Kama utashikilia nyumbani, usitumie kompyuta ya ofisi, ulinzi wake huzuia programu yao, na fanya jaribio la mfumo siku kadhaa kabla, kwenye intaneti ileile utakayoitumia. Na jina unalojiandikishia lifanane na la pasipoti yako, majina yote kwa mpangilio uleule. Sisi wa majina matatu tunarudishwa mlangoni kwa kosa hilo.

MsomajiWaJumamosi
Mimi ni mmoja wa hao watatu wa Kijitonyama. Nikuambie ukweli wetu: tulianza sita. Kinachotubakiza ni kwamba kila wiki mmoja anafundisha awamu moja, na asiyejiandaa anaonekana. Udhaifu wetu ni maswali ya visa. Tunabishana saa nzima na hakuna wa kutuamulia.

Kimara_Mwisho
Basi nimeamua. Alfajiri nasoma nyaraka sita, Jumamosi nakuja Kijitonyama, na sehemu ya kwanza naifanya peke yake kwa hela yangu. Ile nusu ya ofisi nitaomba iende kwenye darasa la ngazi ya Practitioner pekee, baada ya kuuliza maswali ya MbagalaRangiTatu kwa maandishi. Dada, nikikwama kwenye visa nitakusumbua.

DadaWaViwango
Nisumbue. Na nikipata nafasi Jumamosi moja kwa mwezi nitakuja tuamue hizo hoja zenu.

MsomajiWaJumamosi
Tutashukuru sana dada. Kimara, tunaanza saa tatu asubuhi. Njoo na ukurasa wa awamu A wa mfumo wa madai kama mzee alivyosema, tutaanza nao.